Nilichoandika Kwenye Safu ya Kwanza

Nianze na ujinga wenyewe, msije mkaniheshimu kwa kurasa mbili halafu mkajilaumu: nilipokuwa na miaka kumi, niliandika kwenye daftari la shule kwamba kinachomfanya mdogo wangu ajiume mkono ni mama yetu akiimba. Sikuandika mara moja tu. Niliandika siku baada ya siku, kwa kalamu ya wino, kwa hati yangu nzuri kabisa, ile ambayo mwalimu wa hesabu hajawahi kuiona. Na watu wazima watatu, wote na akili zao timamu, wakaniamini.

Nilikuwa nimesahau. Hapana, huo nao ni uongo, na nimeahidi kupunguza. Nilikuwa nimeliweka jambo hilo mahali ambapo siendi. Juzi mama alinituma nimtafutie miwani kwenye droo ya kabati lake. Nilipovuta tu, ikanipiga harufu ya dawa ya kuchua mgongo, ile inayochoma pua mpaka macho yanalia bila ruhusa. Chini ya tyubu za dawa kulikuwa na daftari la jalada la kijani, limeinywa harufu yote. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikakutana na herufi zangu za zamani, za mviringo kama mayai, nikafunga droo.

"Umeiona?" mama akauliza kutoka sebuleni.

Nikasema hapana. Miwani ilikuwa juu ya daftari.

Tuliishi Wheaton, huku Marekani, ghorofa ya tano, nyuma ya yale maduka makubwa, dirisha letu likitazama uwanja wa kuegesha magari. Bado tunaishi hapo. Baba aliendesha lori la masafa marefu, akirudi nyumbani kama mgeni: anapewa kiti kizuri, anaulizwa habari za safari, analala, anaondoka. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya asubuhi, akiwainua na kuwageuza na kuwaogesha watu ambao wengine walikuwa wazito kuliko yeye. Ndiyo sababu ya dawa ya kuchua. Yeye ni wa Kisii, baba ni wa Bungoma, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowaoza. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: Kiingereza kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu. Wenzangu wa kanisani wakiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza na maisha yanaendelea. Mimi nikijaribu, mama alikuwa anapata uziwi. Kuna siku niliomba maji kwa Kizungu kama dakika kumi, nikiwa nimekauka, yeye anakata sukuma wiki tu.

Mdogo wangu Teddy alikuwa na miaka sita. Ana usonji, na hasemi. Husikia kila kitu, huelewa kuliko tunavyodhani, ila maneno hayatoki. Kitu alichokipenda zaidi duniani kilikuwa kifuniko cha bluu cha kopo la siagi ya mkate ambalo shangazi alituletea kutoka nyumbani. Siagi iliisha, kopo likatupwa, kifuniko kikabaki kuwa mtu wa familia. Teddy alikisimamisha ukingoni mwake, akakizungusha sakafuni, halafu akalala chini, shavu kwenye mbao, kukitazama kikipunguza mwendo, kikiyumba, kikianguka. Kisha upya. Mchana kutwa nyumba yetu ilikuwa na ile sauti, kama mtu anayeviringisha ulimi bila kuchoka.

Sauti ya pili ya nyumba ilikuwa mama. Mama aliimba kila kitu. Alichukua nyimbo za kanisani, akamwondoa Mungu polepole, akamweka Teddy: kiatu cha kushoto kinaingia, kiatu cha kulia kinafuata, kamba zinasalimiana, tunatoka. Wimbo wa viatu, wimbo wa kuoga, wimbo wa dawa ya meno. Akianza, Teddy anaacha kila kitu, anakuja, anaweka kiganja kwenye koo lake, pale sauti inapotetemeka, na mguu unajinyoosha wenyewe kuingia kiatuni. Bila wimbo, kumvisha Teddy viatu ilikuwa kama kumvisha paka soksi.

Sasa, mimi nilikuwa na miaka kumi na jina la kulinda. Nyumbani, aimbe. Lakini mama aliimba kwenye chumba cha mashine za kufulia. Aliimba kwenye foleni ya duka. Siku moja aliimba wimbo wa viatu kwenye lifti, mkono wa Teddy shingoni, na kwenye ghorofa ya tatu akaingia Wilmer wa darasa letu na mama yake. Nilitazama namba za ghorofa kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Kesho yake, kwenye meza ya chakula cha mchana, Wilmer akauimba wimbo wa viatu mwanzo mpaka mwisho, kijiko kikiwa kipaza sauti, bila kuelewa neno hata moja. Na aliuimba vizuri, mjinga yule. Meza nzima ilipiga makofi. Mimi nilicheka kuliko wote, maana mimi ndiye mchekeshaji, na mchekeshaji akiacha kucheka watu wanajua wamempata.

Kulikuwa na jambo lingine, dogo zaidi, nalo lilikuwa linanikera kama jiwe kwenye soksi. Kwetu mama huitwa kwa jina la kifungua mimba. Miaka yote alikuwa Mama Dani. Dani ni mimi. Halafu Teddy akaanza shule, simu zikawa za Teddy, barua za Teddy, vikao vya Teddy, maombi kanisani ya Teddy, na watu wakaanza kumwita Mama Teddy. Naye akawa anaitika.

Mwaka ule Teddy alianza kujiuma mkono. Hapa, chini ya kidole gumba, mpaka pakawa na ngozi ngumu kama kisigino. Alijiuma shuleni na alijiuma nyumbani. Mwalimu wake, Miss Dana, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi. Alikuwa na sauti laini, na kikombe cha kahawa ambacho kila nikipita mlangoni kwake kilikuwa kimejaa, hajapata nafasi ya kunywa. Ndipo shule ikamleta Bi Saumu.

Bi Saumu alikuwa Mtanzania, mwenyeji wa Tanga, anakaa Arlington, ng'ambo ya mto. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu wa watoto kama Teddy: anakaa nao darasani, anaona wanachofanya, anawaonyesha njia nyingine, halafu anakwenda nyumbani kwa familia ili nyumbani na shule zivute upande mmoja. Nilipoambiwa kwamba ni kocha nilingojea filimbi. Alikuja mama mfupi, hijabu ya rangi ya chungwa, raba za kukimbilia, na mfuko uliojaa picha na saa za plastiki. Alibonyeza kengele na bado akapiga hodi.

"Karibu, Madam. Pole na jam," mama akasema, akijaribu Kiswahili cha taarifa ya habari.

"Ahsante, mwenzangu, nimeshapoa." Akanitazama. "Shikamoo umeiacha wapi, baba?"

"Sisi ni Wakenya," nikamjibu.

Mama alinikata jicho ambalo bado nina kovu lake. Bi Saumu akacheka. "Basi nimekusamehe. Kosa si lako, ni la mpaka."

Alikunywa chai, akakaa sakafuni na Teddy, akakizungusha kifuniko yeye mwenyewe, vibaya. Teddy akakichukua akamwonyesha. Kisha akatoa daftari la kijani. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari, safu tatu. Kabla. Tukio. Baada.

"Mama Teddy," alisema, nami nikangoja mama amsahihishe. Hakumsahihisha. "Kila akijiuma, tunaandika. Nini kilikuwa kinaendelea kabla, yeye alifanya nini, na nini kilifuata. Miss Dana anaandika la kwake darasani, nyinyi la kwenu hapa. Baada ya wiki tatu tunayalaza pamoja, tunatafuta kinachomsukuma. Nani ana hati nzuri?"

"Dani," mama akasema. "Mimi nikipika siwezi kushika kalamu."

"Haya, mwandishi. Usiandike unachofikiri. Andika unachokiona."

Nikasema sawa. Nilivimba kichwa, nisiwafiche. Lakini kichwani mwangu cha miaka kumi nilikuwa nimeshaelewa mambo kombo. Niliona daftari limetoka shuleni, lina mistari, litarudi kusomwa kwenye kikao cha watu wenye vitambulisho shingoni, na nikaamua kwamba safu ya kwanza ni ya mshtakiwa. Kabla ni nani aliyefanya. Tukio ni kosa. Baada ni adhabu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mahakama nzima mwenyewe, nikaketi humo.

Na mshtakiwa nilikuwa namjua.

Nilikuwa na mchezo. Teddy akizungusha kifuniko, nilikinyakua kikiwa bado kinazunguka, nikakificha chini ya mto wa kochi au mfukoni, nikakaa kimya nikitazama dari. Sura aliyofanya Teddy, ile ya kutazama sakafu tupu kana kwamba sakafu ndiyo iliyokimeza, ilinichekesha. Nilijiambia tunacheza. Michezo huwa na watu wawili wanaojua kwamba ni mchezo, lakini hilo nalijua leo. Alitafuta, alizunguka, alipiga magoti, halafu akajiuma. Nikimrudishia, alitulia. Mara nyingine nilichelewa kumrudishia, nione itakuwaje.

Siku ya kwanza ya daftari nilifanya vilevile, kwa mazoea tu. Alipojiuma, mama akasema kutoka jikoni, akiwa na mwiko, "Andika, Dani." Nikafungua ukurasa. Kabla. Kalamu ikasimama hapo. Jikoni mama akaendelea na wimbo wake pale alipoukatia. Nikaandika: *Mama alikuwa anaimba.*

Haikuwa uongo, mnaona. Alikuwa anaimba kweli. Mimi ni mtu wa sheria.

Kesho yake ikawa rahisi zaidi. Siku ya tatu nikaanza kunogesha. *Kabla: Mama aliimba wimbo wa kuoga. Tukio: Teddy alijiuma. Baada: Mama aliimba tena, majirani wakajiuma.* Nilicheka peke yangu. Ikawa starehe, kuandika ninachotaka juu ya mama na kuita kazi ya shule. Nikikumbuka lifti, niliandika. Nikisikia mtu anasema Mama Teddy, niliandika.

Wiki tatu zikaisha, Bi Saumu akarudi. Alisoma kurasa zote, akatabasamu kwenye majirani waliojiuma, halafu tabasamu likaondoka. Akaweka mkono juu ya daftari.

"Mama Teddy, nitasema kitu, nawe usikichukue vibaya. Watoto wengine sauti huwaumiza. Si kelele tu, hata sauti nzuri. Hapa naona karibu kila mara, kabla hajajiuma, unaimba."

Mama alikuwa anapanguza meza. Akaendelea kupanguza mahali pamoja. "Mimi?"

"Si kosa. Ni jambo la kujaribu tu. Wiki mbili, bila kuimba. Na Miss Dana naye ana wimbo wa kupanga vitu darasani, nitamwomba auache. Tuone."

"Hata wa viatu?"

"Hata wa viatu."

Nilijua ni wakati wa kusema. Nilikuwa nimeketi kwenye mkono wa kochi, mguu mmoja ukining'inia, na neno lilikuwa mdomoni kabisa, nalihisi kama pipi. Mama akashika koo lake, pale pale Teddy anapopashika, kana kwamba amegundua ana kidonda hapo.

"Sawa, Madam," akasema. "Kama ndicho kinachomuumiza mtoto."

Nikalimeza.

Hamjawahi kusikia nyumba iliyonyamaza namna ile. Nilidhani nitafurahi. Sikujua ni vitu vingapi vilikuwa vinafunikwa na sauti ya mama: friji inanguruma, bomba linadondoka, jirani wa juu anavuta viti. Mama alipika midomo ikiwa imebanwa. Mara mbili tatu wimbo ulimtoroka, noti moja au mbili kupitia puani, akajikamata, akamtazama Teddy kwa woga, kama aliyemkanyaga.

Asubuhi alipiga magoti mlangoni na viatu mkononi. Teddy alikuja, akaweka kiganja kooni kwake, akangoja. Mama akamtazama tu. Teddy akabonyeza, polepole, kama mtu anayebonyeza kitufe cha lifti. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Akaleta na mkono wa pili. Mama alifumba macho, akamwacha abonyeze, na hakutoa sauti. Kisha Teddy akajiuma, safari hii mpaka damu. Sikuwa nimegusa kifuniko. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, begi mgongoni.

Mnadhani nilisema hapo? Sikusema. Nilikwenda shule.

Shuleni mambo yakawa mabaya zaidi. Bila wimbo wa kupanga vitu, Teddy hakujua kitu kimoja kinaisha lini na kingine kinaanza lini. Alijiuma, akampiga Miss Dana kichwa kidevuni bila kukusudia, akakimbia hadi lango la nje. Siku moja baada ya masomo nilimwona Miss Dana ndani ya gari lake, mikono kwenye usukani, gari halijawashwa, analia huku anakula biskuti. Bi Saumu alikuwa ameketi kiti cha abiria, na biskuti yake mkononi. Nilidhani makocha husema maneno ya kuamsha watu. Yeye alikuwa anakula naye tu. Dirisha lilikuwa wazi kidogo nikasikia Miss Dana akisema labda yeye hafai, labda amalize mwaka aondoke.

Kisha ikaja barua. Mama aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kikao cha kujadili kama shule hii inamfaa Teddy, au ahamishiwe nyingine, mbali, mwisho kabisa wa kaunti, yenye watoto waliokuwa na shida kubwa kuliko zake. Basi lingemchukua saa nzima baada ya sisi wote kutoka. Mama angekuwa kazini, kwa hiyo angepandishwa na mtu mwingine ambaye hatukuwa naye.

"Nimefanya yote waliyosema," mama akaiambia barua. "Nimenyamaza."

Bi Saumu alikuja siku moja kabla ya kikao. Hakukaa sakafuni safari hii. Aliyaweka madaftari mawili mezani, la Miss Dana na letu, akatuita.

"Kuna kitu hakinikai akilini," alisema. "Darasani Miss Dana alikuwa anaimba kila siku, na katika daftari lake Teddy hajiumi wimbo ukiwepo. Anajiuma akinyang'anywa kitu. Nyumbani ni kinyume. Mtoto ni mmoja, masikio ni yale yale." Akafungua ukurasa. "Dani, hii Jumamosi. Umeandika mama alikuwa anaimba. Mama alikuwa wapi?"

"Jumamosi hiyo nilikuwa kazini," mama akasema. "Baba yao ndiye alikuwa hapa, amelala."

Wote wakanigeukia.

"Aliimba kwa simu," nikasema.

Huo ndio uwezo wangu, jamani. Nimezama mpaka puani na bado nashika nyasi.

"Simu zetu hufungiwa kwenye kabati mpaka zamu iishe," mama akasema taratibu. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama aliwahi kuimba kwa simu, kunisaidia.

Teddy ndiye aliyemaliza kesi. Alikuwa dirishani, hana kitu mkononi, maana dakika kumi kabla Bi Saumu hajafika nilikuwa nimefanya mchezo wangu, katikati ya shida zote hizo, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kuliko akili. Akaenda kwenye kochi. Akainua mto wa kushoto, akachungulia. Akainua wa kulia. Hakuwa anatafuta nyumba nzima kama zamani. Alikwenda sehemu mbili, zile zile. Kisha akaja kwangu, mbele ya wote, akatia mkono kwenye mfuko wa suruali yangu, akatoa kifuniko cha bluu. Hakunitazama hata kwa hasira. Aliketi chini ya meza, akakizungusha. Trrrr. Tukakisikiliza wote wanne mpaka kikaanguka.

"Kila mara huwa hapo?" Bi Saumu akauliza.

Nikasema ndiyo. Nikasema yote, kwa Kiingereza, haraka, na mama kwa mara ya kwanza hakupata uziwi. Kuhusu mto, mfuko, safu ya mshtakiwa, Wilmer na kijiko. Bi Saumu alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akafikicha macho.

"Kabla si mshtakiwa, mwanangu," alisema. "Kabla ni mlango. Tulikuwa tunatafuta mlango wa kumfikia." Kisha akamgeukia mama. "Nami nina langu. Nilimkabidhi mtoto kalamu, nikamwambia mtu mzima anyamaze nyumbani kwake, bila kuyalaza madaftari pamoja kama nilivyoahidi, wala kuja kuketi hapa mwenyewe nikaona. Hilo nitalisema kesho kikaoni. Nisamehe."

Mama alikuwa anamtazama Teddy chini ya meza. "Kwa hiyo sauti yangu haimuumizi?"

"Nadhani ndiyo iliyokuwa inamshikilia."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Akainuka akaenda kuchemsha chai, na nikangoja aanze kuimba. Hakuanza.

Kesho yake nilimwambia Miss Dana kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kuanza na kichekesho, nikakikosa. Alinisikiliza akiwa ameinama tulingane kimo, na kile kidevu chake bado kilikuwa na alama ya kijani. Akasema tu, "Kwa hiyo sikuwa mwalimu mbaya?" Aliniuliza mimi. Mtoto wa miaka kumi, mwongo. Nikamwambia hapana. Akaenda kunawa uso.

Barua ya kuhama iliwekwa kando. Kwenye kikao waliamua wampe muda, nyimbo zirudi, na kwa kuwa Miss Dana alitaka kujua ule wa viatu, Bi Saumu akamwomba mama aje darasani kuufundisha. Mama alikuja na sare ya kazini, akaketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakiwa kifuani. Mimi nilipewa ruhusa ya kusimama mlangoni. Miss Dana alikuwa na kalamu na karatasi, anaandika maneno kama yanavyosikika. Bi Saumu alikuwa nyuma yake. Teddy alikuwa kwenye zulia na soksi tu.

Mama akafungua mdomo, kisha akainua macho akanitafuta. Aliniona mlangoni. Akaanza kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayezungumza maktabani, huku jicho moja likiwa kwangu. Kiatu cha kushoto kinaingia. Teddy akageuka. Akaja mbio, akaweka kiganja kooni, na mguu ukajinyoosha. Miss Dana akajaribu kufuata, na Kiswahili chake kilikuwa msiba mtupu, kiatu kikawa kitu kisichojulikana duniani, na Teddy hakujali, akaweka mkono wa pili kwenye koo la Miss Dana. Akakaa hivyo, kiganja huku, kiganja huku. Mama aliimba mpaka kamba zikasalimiana, wala hakupandisha sauti hata kidogo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kupitia nyuma ya maduka, Teddy katikati. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kichapo. Nilikuwa nimeshachagua hata shavu. Hatua baada ya hatua, hakuna kilichokuja. Kwenye kivuko, tukingoja yule mtu mweupe wa taa ya kuvukia awake, mama aliinama akamfunga Teddy kamba iliyolegea, kimya, na bila kuinua kichwa akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza kama nimekula:

"Dani, ungeniambia tu unaona aibu nikiimba. Ningekuwa nangoja utoke ukacheze."